Kadi mpya ya Wi-Fi imegoma kwenye kompyuta mpakato: mwongozo kamili wa kujua tatizo liko wapi

Wengi wanaokwama hapa hufanya jambo lilelile. Wanapakua draiva (programu inayoiwezesha Windows kuitumia kadi), haifanyi kazi, wanapakua nyingine juu yake, na mwisho mashine ina draiva nne na bado haina Wi-Fi. Katika mwongozo huu draiva ni hatua ya tano. Kadi isiyokaa vizuri kwenye sloti, au isiyo ya mashine hiyo tangu mwanzo, haiamshwi na draiva yoyote.

Fuata hatua kwa mpangilio. Kila moja inajibu swali moja, na jibu lake ndilo linalokuelekeza pa kwenda.

## Vitu vya kuwa navyo kwanza

- Bisibisi ya msalaba ya PH0, na PH00 kwa skrubu ndogo inayobana kadi.
- Kipande chembamba cha plastiki cha kufungulia mfuniko. Usitumie kisu.
- Kadi ya zamani. Usiitupe wala kuigawa mpaka mpya ifanye kazi, kwa sababu ndiyo kipimo chako.
- Njia nyingine ya intaneti: waya wa mtandao, au simu iliyounganishwa kwa waya wa USB ikigawa intaneti yake.
- Flashi ya GB 8 iliyowekwa Linux ya kuwashia moja kwa moja, kama vile Ubuntu. Itakuokolea muda mwingi kwenye hatua ya nne.
- Ufunguo wa kurejesha wa BitLocker, kama Windows imeifunga diski kwa mfumo huo. Ukigusa mipangilio ya BIOS (programu ya ubao mama inayoanza kabla ya Windows), Windows inaweza kuudai kabla ya kufunguka, na asiyekuwa nao hubaki nje ya mafaili yake.
- Taa nzuri na kamera ya simu. Piga picha kabla ya kugusa waya wowote.

## Hatua ya 1: Hakikisha kadi ni ya mashine hiyo

Anza na umbo. Mashine za sasa hutumia kadi ya M.2 ya kipimo cha 2230, yaani upana wa mm 22 na urefu wa mm 30. Za zamani zilitumia Mini PCIe nusu, yenye upana wa mm 30 na urefu wa karibu mm 27. Hizi mbili haziingiliani. Ipo pia aina ya 1216, iliyochomelewa moja kwa moja kwenye ubao mama. Ukiikuta hiyo, habari ya kubadilisha kadi imeishia hapo. Tumia adapta ya USB.

Umbo kuingia hakutoshi, na hapa ndipo wengi huponzwa. Kadi za Intel ziko za namna mbili zinazofanana kwa macho. AX200 na AX210 ni kadi kamili zinazowasiliana na mashine kwa PCIe, njia ya kawaida ya data kwenye ubao mama. AX201 na AX211 ni nusu kadi: sehemu kubwa ya kazi ya Wi-Fi hufanywa ndani ya prosesa au chipseti ya Intel, na kadi yenyewe hubeba redio tu. Mfumo huo unaitwa CNVi. Ukichomeka AX201 kwenye mashine ya AMD, au ya Intel ya vizazi vya kabla ya CNVi, itaingia vizuri, skrubu itabana, na mashine haitaona kitu. Hakuna marekebisho. Rudisha dukani.

Kinyume chake hutokea pia, ingawa si sana: baadhi ya sloti za mashine za Intel zimeunganishwa kwa CNVi peke yake, hivyo AX210 haionekani. Kama kadi iliyotoka humo ilikuwa 9560, AX201 au AX211, soma maelezo ya mtengenezaji wa mashine kabla ya kununua ya PCIe. Na BE200 ya Wi-Fi 7, ijapokuwa ni ya PCIe, inajulikana kwa kugoma kwenye mashine za AMD. Usiibahatishe huko.

Kikwazo cha mwisho ni orodha ya kadi zinazoruhusiwa ndani ya BIOS. Mashine kadhaa za zamani za HP na Lenovo zilikuwa nayo. Dalili yake haifichiki: mashine inawaka, inasimama kabla ya kufika Windows, na skrini inaandika kosa 1802 kwenye ThinkPad, au 104 kwenye HP, likikuambia uondoe kadi isiyoruhusiwa. Ukiona hivyo, kadi haina ubovu wowote. Tafuta iliyo kwenye orodha ya mtengenezaji wa mashine. Kubadilisha BIOS kwa faili la mtandaoni lisilo rasmi kunaweza kuua ubao mama wote, na hasara hiyo haifanani na bei ya kadi.

Umefanikiwa kama: umesoma namba ya kadi kwenye stika yake, umejua ni PCIe au CNVi, na mashine yako inaikubali.

## Hatua ya 2: Toa kadi, irudishe upya

Fanya hivi hata kama una uhakika uliiweka vizuri.

1. Zima mashine kabisa. Windows huwa haizimiki yote kwa sababu ya Fast Startup, kwa hiyo fungua Command Prompt na uandike `shutdown /s /f /t 0`.
2. Chomoa chaja. Fungua mfuniko wa chini, chomoa kiunganishi cha betri kwenye ubao mama. Ukivuta kadi umeme ukiwa bado unapita, unaweza kuunguza sloti.
3. Bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde 30 ili umeme uliobaki uishe.
4. Gusa chuma kilicho wazi ili kutoa umeme tuli mwilini.
5. Fungua skrubu. Kadi itainuka yenyewe kidogo. Ivute ikiwa imeinama hivyohivyo.
6. Angalia miguu ya dhahabu. Ikiwa na alama za vidole, ifute kwa kitambaa kisichotoa nyuzi chenye spiriti safi kidogo, kisha subiri ikauke.
7. Ingiza kadi ikiwa imeinuka nyuzi kama 25, sukuma mpaka miguu ya dhahabu ibaki ikionekana kwa mstari mwembamba tu. Ilaze, kisha bana skrubu.

Ukilazimika kutumia nguvu, simama. Ama mwanya wa kadi haulingani na kizuizi cha sloti, ama umeigeuza.

Skrubu ikaze kiasi cha kadi kutotikisika. Ikizidi, kadi hupinda katikati, na miguu ya pembeni huachia sloti. Hali hiyo huleta kadi inayoonekana leo na kupotea kesho, nawe ukaishia kulaumu Windows.

## Hatua ya 3: Je, mashine inaiona kadi?

Rudisha betri, washa, bofya kulia kitufe cha Start na ufungue Device Manager. Tazama sehemu ya Network adapters, kisha Other devices. Utakutana na moja ya hali hizi:

Kadi ipo kwa jina lake, haina alama. Draiva imeshaingia. Nenda hatua ya 6.

Kuna Network Controller yenye pembetatu ya njano. Hii ni habari njema kuliko inavyoonekana: mashine inaiona kadi, haijui tu jina lake. Bofya mara mbili, nenda Details, chagua Hardware Ids. VEN_8086 ni Intel, VEN_10EC ni Realtek, VEN_14C3 ni MediaTek, VEN_168C ni Qualcomm Atheros, VEN_14E4 ni Broadcom. Namba ya DEV inataja kadi yenyewe. AX200 ni 2723 na AX210 ni 2725. Amini namba hizi kuliko maandishi ya boksi.

Kadi ipo lakini ina namba ya kosa. Code 28 ni draiva haipo. Code 22 ni imezimwa. Bofya kulia, Enable. Code 10 ni kwamba draiva ipo ila kadi imekataa kuanza. Code 43 ni kadi iliyoanza ikaripoti hitilafu. Kwa hizi mbili za mwisho rudia kwanza kutoa umeme wote kama hatua ya 2, maana kadi hukwama katika hali mbaya ambayo kuzima na kuwasha kwa kawaida hakuiondoi.

Hakuna chochote. Ingia BIOS, kwa kawaida kwa F2, F10 au Delete wakati wa kuwasha, uhakikishe Wireless LAN haijazimwa. Kisha rudisha kadi ya zamani. Ikifanya kazi, sloti ni nzima, na tatizo ni kadi mpya au kutolingana kwake na mashine. Nayo ikigoma, huenda sloti imeumia.

## Hatua ya 4: Pima kwa Linux ya kwenye flashi

Hatua hii hurukwa na wengi, nayo ndiyo inayotenganisha ubovu wa kadi na ubovu wa Windows bila ubishi. Washa mashine kwa flashi, chagua kujaribu bila kusakinisha, fungua Terminal na uandike:

`lspci -nnk`

Tafuta mstari wa Network controller. Chini yake paandikwe "Kernel driver in use", mfano iwlwifi kwa Intel au mt7921e kwa MediaTek. Kisha, kuona kama redio imezimwa na kama firmware (programu ya ndani ya kadi) imepakiwa:

`rfkill list`

`sudo dmesg | grep -i firmware`

Wi-Fi ikishika hapa, kadi, sloti na antena ni vizima. Usifungue mfuniko tena. Tatizo liko ndani ya Windows.

Angalia toleo la Linux ulilotumia kabla ya kuhukumu. AX200 inahitaji kernel (kiini cha Linux) 5.1 au zaidi, AX210 inahitaji 5.10, MT7921 inahitaji 5.12. Flashi ya zamani itakudanganya kwamba kadi imekufa. Na `lspci` isipoitaja kadi kabisa, rudi hatua ya 1 na ya 2.

## Hatua ya 5: Draiva, mara moja na kwa usafi

Toa kwanza ya zamani. Kwenye Device Manager chagua View, kisha Show hidden devices, ili kadi iliyotolewa nayo ionekane ikiwa imefifia. Bofya kulia, Uninstall device, weka alama kwenye kisanduku cha kuondoa draiva. Fanya hivyo kwa kadi ya zamani na mpya, kisha washa upya.

Sasa weka draiva moja. Kwa Intel, pakua kutoka tovuti ya Intel yenyewe. Kwa Realtek na MediaTek, ya mtengenezaji wa mashine au kadi ndiyo salama. Kaa mbali na programu zinazodai kukutafutia draiva zote kwa pamoja. Ndizo chanzo cha zile draiva nne.

Wi-Fi na Bluetooth ni draiva mbili tofauti, kwa sababu Bluetooth ya kadi hizi nyingi hupita njia ya USB ndani ya sloti hiyohiyo. Wi-Fi kufanya kazi huku Bluetooth haipo si ajabu: weka draiva ya pili. Ikiandika "Unknown USB Device", zima kabisa, chomoa betri, rudia zile sekunde 30 za hatua ya 2.

Kumbuka pia kwamba masafa ya GHz 6 ya AX210 hayapatikani kwenye Windows 10. Yanahitaji Windows 11, tena nchi iwe imeyaruhusu.

Umefanikiwa kama: `netsh wlan show drivers` inaonyesha jina la kadi, na mstari wa Radio types supported unataja 802.11ac au 802.11ax.

## Hatua ya 6: Redio imezimwa

Draiva ipo, lakini hakuna mtandao hata mmoja unaoonekana. Andika `netsh wlan show interfaces` na utafute Radio status.

"Software Off" ni hali ya ndege au kitufe cha Wi-Fi cha Windows. "Hardware Off" ni swichi ya pembeni ya mashine, kitufe cha Fn, au BIOS.

Amri ikijibu kwamba huduma haifanyi kazi, fungua `services.msc`, tafuta WLAN AutoConfig, iweke Automatic na uianzishe.

Kwenye Mini PCIe kuna kisa cha peke yake: "Hardware Off" isiyokubali kuwashwa kwa swichi yoyote. Mashine inazima redio kupitia pini namba 20. Mafundi huifunika kwa kipande chembamba cha utepe wa Kapton, usiopitisha umeme. Pini hiyo iko upande wa nyuma wa kadi, upande mrefu wa mwanya, ya pili kuhesabu kutoka kwenye mwanya. Ukifunika ya jirani, kadi huenda isionekane; toa utepe, pima tena. Ujanja huu usiujaribu kwenye M.2, pini zake ni nyingine.

## Hatua ya 7: Antena

Dalili: mashine inaona mtandao mmoja au miwili ya karibu wakati simu pembeni yake inaona kumi. Au Wi-Fi ni nzuri ukiwa umekaa jirani na ruta, kisha inapotea ukitoka chumbani. Katika hali hii draiva haina kosa.

Vichwa vya nyaya za antena ni vidogo kuliko punje ya mchele, na viko vya saizi mbili. Mini PCIe hutumia U.FL, M.2 hutumia MHF4, ambacho ni kidogo zaidi. Aliyehamisha kadi kwa adapta kutoka Mini PCIe kwenda M.2 hukuta vya zamani haviingii. Usivibane kwa koleo. Nunua waya mpya wa MHF4.

Kuchomeka kunataka utulivu. Weka kichwa juu ya soketi kikiwa katikati kabisa, kishike kwa kucha kisiteleze, kisha bonyeza wima kwa ncha ya kidole. Kikikaa utasikia "tik" ndogo, na zaidi utaihisi kidoleni. Inama uangalie kwa ubavu: vichwa viwili viwe na kimo kimoja. Kilichoinuka upande hakijashika, hata kama hakianguki. Kikiteleza unapobonyeza, anza upya, usiongeze nguvu. Ukingo wa soketi ukipinda, kadi imekwisha. Vichwa hivi vingi vimekadiriwa kuchomekwa mara 30 hivi tu, basi usivitoe kila unapotilia shaka.

Waya mweusi kwa kawaida ni wa soketi yenye pembetatu nyeusi. Mweupe ni wa pembetatu nyeupe. Ukivibadilisha, mara nyingi hutaona tofauti kubwa. Kibaya ni kuacha kimoja nje. Waya wa tatu wa kijivu ukikosa soketi, funga kichwa chake kwa utepe kisije kikagusa ubao.

Kupima, kaa mita 2 kutoka kwenye ruta na uandike tena `netsh wlan show interfaces`. Signal iwe asilimia 90 au zaidi. Kwa programu zinazoonyesha dBm (kipimo cha nguvu ya mawimbi), kati ya -30 na -50 ni nzuri sana, -67 bado inafaa kwa simu za video, -80 ni ya shida. Tazama na Receive rate: kadi ya Wi-Fi 6 yenye antena mbili kwenye chaneli ya MHz 80 hufika 1201 Mbps. Ikigoma kupita 600 ukiwa karibu hivyo, antena moja haijashika.

## Hatua ya 8: Imeunganika, intaneti hakuna

Kwanza, nywila zote za zamani kupotea ni kawaida. Windows huhifadhi mitandao kwa kila kadi, na hii ni kadi nyingine. Ingiza nywila upya.

Pili, kadi mpya ina anwani mpya ya MAC, yaani namba ya kuitambulisha kadi kwenye mtandao. Ruta au ofisi inayoruhusu vifaa vilivyosajiliwa tu itaikataa, hata nywila ikiwa sahihi. Ipate kwa `ipconfig /all`, mstari wa Physical Address, na uisajili.

Tatu, washa mtandao wa simu yako uunganishe mashine. Ikishika, acha kuhangaika na kadi. Shida ni ruta. Kama mtandao wa GHz 5 tu ndio hauonekani, ruta huenda iko kwenye chaneli za 52 hadi 144 zinazotumia masafa yaleyale ya rada. Iweke kati ya 36 na 48. Kwa GHz 2.4, epuka chaneli 12 na 13, kwani kadi nyingine haziziangalii.

Anwani ikianza na 169.254, ruta haijakupa anwani. Andika `ipconfig /release`, kisha `ipconfig /renew`. Bado? Fungua Command Prompt kama msimamizi:

`netsh winsock reset`

`netsh int ip reset`

Washa upya. Programu za VPN na antivirusi zilizojishikiza kwenye kadi ya zamani nazo huzuia. Ziondoe kwa muda, si kuzisimamisha tu.

## Hatua ya 9: Inakatikakatika

Kwenye Device Manager fungua kadi, nenda Power Management, toa alama inayoruhusu Windows kuizima ili kuokoa umeme. Mashine nyingine hazina ukurasa huo. Hapo nenda Power Options na uzime Link State Power Management ya PCI Express. Kwenye Advanced, Roaming Aggressiveness ikiwa juu, kadi hurukaruka kati ya ruta. Irudishe Medium.

Ikikatika kwenye GHz 2.4 tu, chomoa diski ya nje ya USB 3 iliyo karibu na antena. USB 3 hutoa kelele kwenye masafa hayohayo, na hakuna mpangilio wa kadi unaoizima.

Kama bado, andika `netsh wlan show wlanreport` kwa haki za msimamizi. Windows itatengeneza faili la kufungua kwa kivinjari, lenye kila mara Wi-Fi ilipokatika ndani ya siku 3 zilizopita na sababu yake. Ukienda kwa fundi au ukirudisha kadi dukani, nenda na faili hilo pamoja na picha ya Hardware Ids.